Picha za Kupimia Lenzi na Namna ya Kuzipiga Ziaminike

Fungua picha ya ukumbi wa harusi uliyoipiga kwa lenzi pana, kisha iangalie nguzo iliyo karibu kabisa na ukingo wa picha. Mara nyingi utaona imepinda: katikati imetokeza kuelekea nje, juu na chini imevutwa ndani. Nguzo yenyewe haina tatizo, fundi aliisimamisha kwa timazi. Iliyoipinda ni lenzi.

Kupinda kwa mistari ni kosa mojawapo kati ya matatu ambayo karibu kila lenzi huwa nayo kwa kiasi fulani. La pili ni rangi kuachana. Pale tawi jeusi linapokutana na mbingu nyeupe pembeni mwa picha, unaona uzi mwembamba wa wekundu upande mmoja na wa samawati upande wa pili. La tatu ni giza la kona, yaani katikati ya picha kuna mwanga wa kutosha lakini pembe zake nne zimefifia. Makosa haya matatu hayaji kwa bahati mbaya. Hujirudia vilevile kila unapotumia lenzi ileile kwa milimita zilezile, na kitu kinachojirudia kinapimika, na kikipimika kinasahihishwa.

Kwa wanaotumia programu huria kama darktable, RawTherapee au digiKam, vipimo hivyo hutoka kwenye hazina moja iitwayo Lensfun. Ukifungua faili, programu husoma jina la kamera na la lenzi, hutafuta vipimo vyake na kunyoosha picha. Shida huanza lenzi yako inapokuwa haimo, au imo lakini imepimwa mistari tu na giza la kona halikupimwa. Wengi wetu tunafanya kazi kwa lenzi za mtumba, lenzi za kampuni ndogo zilizoingia sokoni juzi, au lenzi za zamani kama Helios 44 ya Umoja wa Kisovyeti, ambayo haina hata kiunganishi cha umeme cha kuiambia kamera jina lake. Lenzi kama hizo zinamngoja mwenye nazo azipime.

Mwongozo huu ni wa kupiga picha za vipimo. Kazi ya kompyuta nitaigusa kidogo, kwa sababu programu ikipewa picha nzuri humaliza haraka, na ikipewa picha mbovu hutoa namba zinazoonekana za kitaalamu lakini ni za uongo. Usahihi wote unapatikana ukiwa umesimama nyuma ya kamera.

Lenzi isisingiziwe

Kuna mambo mawili ambayo wapiga picha wengi huyachanganya. Jengo linaloonekana kulalia nyuma kwa sababu umeinua kamera kulitazama halina kosa la lenzi. Uso wa shangazi aliyesimama mwisho wa mstari kwenye picha ya pamoja, ukaonekana mpana kuliko alivyo, nao si kosa la lenzi. Hayo ni matokeo ya mahali uliposimama na upande ulikoelekeza kamera, na lenzi isiyo na dosari yoyote ingefanya vivyo hivyo. Kosa tunalolipima hapa lina alama moja: mstari ulionyooka kwenye jengo unapinda kwenye picha. Kuinamisha kamera kunaweza kuilaza mistari na kuifanya ikaribiane, lakini hakuwezi kuipinda.

Ukilielewa hilo umepunguza nusu ya usumbufu. Wapo wanaohangaika na pimamaji kuhakikisha kamera inautazama ukuta kwa usawa kamili, wakipoteza asubuhi nzima. Hakuna haja. Kamera ikiinama kidogo au ikikaa upande kidogo, mstari ulionyooka hubaki umenyooka, na programu inatafuta mpindo tu.

Kuiandaa kamera

Piga kwa RAW. JPEG haifai kwa kazi hii hata kidogo, maana kamera nyingi za siku hizi hurekebisha JPEG zenyewe kabla hujaiona picha, na utajikuta unapima lenzi iliyokwisha kunyooshwa. Hata ukipiga RAW, ingia kwenye menyu uzime kila kinachohusu marekebisho ya lenzi, na kile kinachong'arisha vivuli chenyewe. ISO iwe ndogo kabisa ya kawaida, si ile ya ziada iliyoandikwa kwa herufi badala ya namba.

Weka kamera kwenye stendi, na tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Zima kituliza mtikisiko. Kituliza kilicho ndani ya lenzi hufanya kazi kwa kusogeza kioo kimoja pembeni ya mhimili wake, na kioo kikisogea, kitovu cha makosa yote husogea pamoja nacho. Toa filta ya UV, toa kofia ya lenzi ya kuzuia jua. Fremu ya filta ikiwa nene huongeza giza kwenye kona, nawe ungekuwa unapima filta.

Kama una kamera mbili, moja yenye sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 na nyingine yenye sensa ndogo, na lenzi inazikubali zote, pimia kwenye ile kubwa. Vipimo vya sensa kubwa vinaweza kutumika kwa ndogo kwa sababu ndogo huona sehemu ya katikati tu. Kinyume chake hakiwezekani, kwani kona ambazo sensa ndogo haikuziona hakuna atakayejua zilikuwaje.

Lenzi ya zumu hupimwa kwa milimita tano tofauti: mwanzo, mwisho, na tatu katikati. Usizigawe kwa umbali sawa. Tabia ya lenzi hubadilika haraka upande wa pana na polepole upande wa kuvuta, kwa hiyo ya 24 hadi 70 piga kwa 24, 28, 35, 50 na 70, na ya 18 hadi 55 piga kwa 18, 22, 28, 38 na 55. Si lazima ziwe namba hizi hasa. Lenzi isiyobadilika milimita hupimwa mara moja tu, na hiyo ni zawadi kwa mwenye nayo.

Mstari wa kupimia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Unahitaji mstari ulionyooka kweli, uanze ukingo wa kushoto wa picha uishie ukingo wa kulia bila kukatika, na upite karibu kabisa na upande wa juu au wa chini wa fremu. Acha pengo dogo tu kati ya mstari na ukingo, kiasi cha kuhakikisha kwamba mstari ukipinda hautoki nje.

Sababu ya kuuweka ukingoni ni hii. Lenzi husogeza kila nukta ama kuifukuza kutoka kitovu cha picha ama kuivutia humo. Mstari unaopita katikati kabisa, nukta zake husogea juu ya mstari wenyewe, kwa hivyo utaonekana umenyooka hata kama lenzi ni mbaya sana. Picha ya namna hiyo haiambii programu chochote. Mstari wa ukingoni ndio unaoonyesha mpindo wote.

Sababu ya kutaka ufike kona kwa kona iko kwenye hesabu. Programu ya Hugin, ambayo ndiyo hutumika kupima, imejengwa juu ya Panorama Tools, kazi aliyoianza Mjerumani Helmut Dersch mwaka 1998. Humo mpindo huelezwa kwa namba tatu zinazoandikwa a, b na c. Zinahitajika zote tatu kwa kuwa lenzi nyingi pana hazipindi kwa namna moja tu. Mstari hutokeza nje katikati, halafu ukikaribia kona hugeuka na kujaribu kunyooka tena, ukapata umbo la masharubu. Mgeuko huo uko kwenye sehemu za mwisho za mstari. Ukiukata mstari wako kabla ya kona, programu itabuni kilichomo, na kona za picha zako zote zitakuja kuwa na mawimbi.

Umbali kutoka ukutani usipungue mita nane, na fokasi iwe ukutani hapo, tundu la lenzi f/8. Ukisogea karibu zaidi lenzi hubadili tabia kwa sababu ya fokasi. Lakini mita nane zina gharama yake, maana ukuta lazima uwe mrefu. Kupata urefu unaohitajika, chukua upana wa sensa, gawa kwa milimita za lenzi, zidisha kwa umbali. Sensa ya milimita 36 na lenzi ya 24, ukiwa mita nane, inataka mstari wa mita 12. Sensa ndogo ya upana wa milimita 23.5 na lenzi ya 18 inataka mita 10 na ushee. Kwa lenzi ya 70 kwenye sensa kubwa, mita nne na kitu zinatosha, ingawa kwa lenzi ndefu ni bora kurudi nyuma zaidi.

Sasa, mstari ulionyooka kwa mita 12 unapatikana wapi? Majengo ya vioo ya Posta jijini Dar es Salaam, au ya Upper Hill kule Nairobi, ndiyo rafiki zako. Fremu za alumini zinazoshika vioo hutengenezwa kiwandani na kufungwa kwa vipimo vya karibu sana. Ukingo wa sakafu ya zege unafaa ukiwa umepigwa lipu vizuri. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za mawe ya matumbawe na chokaa, zina uzuri wake, lakini humo hutapata mstari hata mmoja wa kupimia. Usitumie waya za umeme, maana kila waya uliofungwa kati ya nguzo mbili hulegea. Mfereji wa paa nao hulegea kati ya vishikizo, na madaraja mengi hujengwa kwa makusudi yakiwa na mgongo. Mistari ya matofali ina chokaa iliyotoka na kuingia, na programu itaisoma kama meno.

Kabla hujaweka stendi mbele ya jengo la watu, msalimie mlinzi na umweleze unachofanya. Kaa mbali na bandari, vituo vya polisi na maeneo ya jeshi, hata kama yana mistari mizuri kuliko mahali pengine popote. Jumapili asubuhi ni wakati mwafaka: hakuna magari yanayopita mbele ya ukuta, na jua halijaanza kupasha lami na mabati. Hewa inayopanda kutoka kwenye vitu vya moto hutetemesha mistari, na ukiikuza picha utaona kingo zimekuwa kama zimechanwa.

Hata jengo jipya lisiaminiwe moja kwa moja. Fikiria kamera yenye pikseli 6000 kwa upana inayotazama mita 12 za ukuta. Kila pikseli ni milimita mbili. Zege lililolegea sentimita mbili tu katikati, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona ukiwa chini, ni pikseli kumi, na pikseli kumi zinatosha kuharibu vipimo. Kuna njia rahisi ya kulikamata. Piga mstari huohuo mara mbili: mara ya kwanza ukiwa karibu na ukingo wa juu wa fremu, mara ya pili, kwa kuinua kamera, ukiwa karibu na ukingo wa chini. Lenzi inayotokeza nje itaupinda kwenda juu katika picha ya kwanza na kwenda chini katika ya pili, kwa kiasi kilekile. Jengo likiwa lenyewe limepinda, mpindo wake hauulizi mstari uko wapi kwenye fremu, kwa hiyo utaongeza upande mmoja na kupunguza upande mwingine. Weka picha mbili hizo sambamba kwenye kompyuta. Mipindo ikilingana, una mstari wa kuaminika. Isipolingana, tafuta jengo lingine.

Watu wa pwani wana mstari mwingine usiogharimu kitu: upeo wa bahari. Nauona bora kuliko majengo mengi, na nashangaa kwamba hautumiwi zaidi. Simama ufukweni, miguu karibu na maji, kamera iwe kimo cha kifua. Inamisha kamera hadi upeo ukae karibu na ukingo wa juu, piga, kisha inua hadi ukae karibu na ukingo wa chini, piga tena. Ukiwa chini namna hiyo, duara ya dunia huupinda upeo kwa kiasi kisichozidi pikseli moja hivi hata kwa lenzi ya 24. Usipande ghorofani kutafuta mandhari, kwani ukiwa mita 50 juu ya maji duara hiyo inakuwa pikseli kadhaa na inaingia kwenye vipimo vyako. Kwenye fukwe zinazotazama mashariki, kama za Dar es Salaam na Mombasa, nenda alasiri, jua likiwa mgongoni na bahari imekolea rangi dhidi ya mbingu. Asubuhi jua linakutazama usoni na upeo humezwa na mng'ao. Chagua upande usio na kisiwa, na siku isiyo na ukungu. Jahazi moja mbali si tatizo, unaweza kuiambia programu iiruke.

Wanaopiga bidhaa za dukani, vito au chakula wana haja tofauti, kwa sababu wao hufanya kazi mita moja au mbili kutoka kitu, na vipimo vya mita nane haviwafai sana. Kwao ipo njia ya timazi. Mmarekani Duane Brown aliichapisha mwaka 1971 kwa ajili ya kamera za kupimia vitu vya karibu: ning'iniza nyuzi zenye uzito chini, na uvutano wa dunia utazinyoosha. Chukua uzi mweupe mwembamba au mshipi wa kuvulia, ning'iniza nyuzi nne au tano mbele ya kitambaa cheusi, funga jiwe chini ya kila uzi na ulizamishe jiwe ndani ya ndoo ya maji ili uzi usiyumbe. Zima feni, funga madirisha. Geuza kamera isimame wima ili upande wake mrefu ufuate nyuzi, na uzi mmoja upite karibu kabisa na ukingo. Ni kazi ya mchana mmoja ndani ya chumba, na mistari yake haina mpinzani.

Rangi zinazoachana

Hapa kazi ni nyepesi. Picha ya jengo uliyokwisha kuipiga inaweza kutosha, mradi iwe na kingo kali za giza na mwanga zilizotapakaa picha nzima, hasa kwenye kona: madirisha, fremu, vivuli vya balkoni. Upeo wa bahari hautoshi kwa kazi hii, kwa kuwa una ukingo mmoja tu. Programu hulinganisha sehemu nyekundu na ya samawati ya picha na ile ya kijani, ikitafuta kila nukta imesogea kiasi gani. Kwa hiyo inataka nukta nyingi.

Kinachoiharibu ni mwanga kupita kiasi. Dirisha linalomulikwa na jua likiungua hadi likawa jeupe tupu, pembeni yake hutokea zambarau isiyohusiana na kosa tunalolipima. Tazama histogramu, hakikisha hakuna kilichogonga ukuta wa kulia. Baki na f/8, kwa sababu tundu likiwa wazi sana huongeza rangi nyingine, ile inayotokea mbele na nyuma ya fokasi, na hiyo haitibiki kwa njia hii.

Giza la kona

Hili linapigwa bila kutazama kitu chochote. Unafunika mdomo wa lenzi kwa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga bila kuonyesha kilicho nyuma yake, kama kifuniko cheupe cha kopo la aiskrimu kisicho na maandishi, kisha unaielekeza kamera kwenye mwanga uliotulia. Plastiki iguse lenzi kabisa. Ikikaa mbali, kivuli cha mkono wako na rangi za ukuta zitaingia. Ukikosa plastiki, karatasi nyembamba ya wachora ramani inafaa ikikunjwa mara mbili.

Weka fokasi kwa mkono, kwenye umbali wa mbali kabisa, hata kama plastiki iko sentimita sifuri kutoka kwenye kioo. Picha itakuwa na ukungu mtupu na ndivyo inavyotakiwa. Kiasi cha giza hubadilika na umbali wa fokasi, ndiyo maana usiiachie kamera ijitafutie.

Mwanga mzuri kuliko wote ni wa siku yenye wingu zito lisilo na tobo, na masika huleta siku nyingi za namna hiyo. Mbingu ya buluu haifai peke yake, kwani upande ulio karibu na jua huwa na mwanga mwingi kuliko ule wa pili. Ndani ya nyumba jihadhari na taa. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED na za mrija humeta mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa shata ya haraka utapata mistari ya giza na mwanga kwenye picha. Tumia mwanga wa dirisha, au basi shata ya 1/50 au ya polepole zaidi.

Kila kituo cha milimita kinahitaji matundu matano. Anza na lililo wazi kabisa, kisha funga hatua moja, hatua moja, hatua moja, halafu ruka hadi lililo dogo kuliko yote. Kwa lenzi ya f/2.8 hiyo ni f/2.8, f/4, f/5.6, f/8 na f/22. Kwa 50 ya f/1.8 ni f/1.8, f/2.5, f/3.5, f/5 na la mwisho. Zumu ya vituo vitano inakupa picha 25. Matundu ya wazi yanapewa nafasi zaidi kwa sababu giza kubwa hutokana na mwili wa lenzi kuukata mwanga unaoingia kwa pembe, na hilo hupungua haraka ukifunga hatua mbili tatu. Linalobaki baada ya hapo ni la jiometri na haliondoki. Kwa lenzi sahili ya milimita 50 kwenye sensa kubwa, kona hupata kama asilimia 70 tu ya mwanga wa katikati hata ukifunga tundu vipi.

Usipige kwa mwanga hafifu. Kilima cha histogramu kikae upande wa kulia wa katikati bila kugusa mwisho. Badilisha kasi ya shata kila unapofunga tundu ili picha zote zilingane kwa mwanga.

Halafu fanya jaribio hili, lisikupite. Ukimaliza kupiga, geuza kamera juu chini bila kuisogeza plastiki kwenye lenzi, uelekee mwanga uleule, na upige mara moja zaidi. Kama kona ya juu kushoto ilikuwa na giza kuliko nyingine na bado ni hiyohiyo kwenye fremu, basi ni lenzi yako au plastiki. Kama giza limehamia kona ya mkabala, mwanga wako haukuwa sawa na kazi yote irudiwe. Kutenganisha lenzi na plastiki, zungusha plastiki peke yake.

Kabla hujafungasha vitu

Ikuze kila picha kwenye kioo cha kamera, uone kona zote nne. Mstari uwe mkali hadi mwisho wake. Kwa lenzi isiyo na kiunganishi cha umeme, andika kwenye daftari namba ya picha, milimita na tundu papo hapo, kwa sababu faili haitakuwa na kumbukumbu yoyote na jioni hutakumbuka. Kwa lenzi za kisasa hakikisha jina la lenzi limeandikwa kwenye faili. Ndilo programu italitumia siku zote kuitambua.

Nyumbani, tenga picha moja ya kila milimita usiiingize kwenye hesabu. Hugin ikishatoa namba zake, zitumie kuinyoosha hiyo iliyotengwa, kisha weka ukingo wa karatasi kwenye kioo cha kompyuta sambamba na mstari. Namba zilizotoka kwenye picha fulani zitainyoosha picha hiyohiyo hata zikiwa na kasoro, lakini picha ambayo hazikuiona hazitaipendelea. Mstari ukinyooka hapo, kona kwa kona, vipimo vyako ni sahihi.

Basi usivifungie kwenye kompyuta yako. Hazina ya Lensfun inatolewa kwa leseni ya CC BY-SA 3.0, yaani yeyote anaweza kuitumia na kuiongezea akiwataja waliochangia na kuiacha wazi kwa wengine. Mwenye lenzi kama yako aliyeko Kisumu, Bujumbura au Muscat atafungua faili na kuikuta imenyooka. Ukiwasilisha, peleka faili za RAW zenyewe bila kuzipunguza ukubwa, pamoja na jina kamili la kamera na la lenzi kama yalivyoandikwa kwenye vifaa.